Hita ya Mama Rehema

Rehema mwanangu,

Nakuandikia nimekaa kwenye kiti kilichong'olewa kwenye gari la mtu, hapa hapa gereji Manzese, saa kumi jioni. Wewe umekwenda Chanika kumuaga shangazi yako, na najua hatakuachia mpaka akubebeshe mfuko wa mihogo, kama vile Njombe hawali. Nina kama saa mbili kabla hujaja kuchukua gari lako. Zisiponitosha basi tena, nitakuwa nimeshindwa kwa mara nyingine, na kushindwa nimekuzoea.

Mambo ya safari sikuandikii. Matairi umeyaona mwenyewe, jeki ipo, na habari za kula vizuri na kujifunika na kutoongea na kila mtu, hizo shangazi yako anakumalizia sasa hivi, nakuonea huruma masikio. Mie nataka nikueleze habari ya hita.

Unakumbuka Jumanne ulipoleta gari? Ulishuka ukasema mbele ya mafundi wote, "Baba, hita inapuliza lakini haitoi joto." Gereji nzima ikafa kwa kicheko. Fundi Side akaacha spana ikaanguka. "Sista, hita Dar hii? Si utoe tu mkono nje ya dirisha uuchome?" Na mie nikacheka. Nilicheka kuwashinda wote, mpaka Side mwenyewe akanitazama. Wewe hukucheka. Ulisema, "Baba, mie nakwenda Njombe. Dada mmoja wa maabara kule nitakakofanya kazi kaniambia nisithubutu kupanda na gari lisilo na hita. Anasema kioo kinaziba."

Kioo kinaziba. Kuna mtu mwingine aliwahi kuniambia maneno hayo hayo mawili, tena kwa sauti karibu sawa na yako. Nikakwambia liache hapo nitaliangalia, halafu nikajilaza chini ya gari la mteja nusu saa nzima. Lile gari halikuwa na ubovu wowote chini. Ubovu wake ulikuwa taa ya mbele.

Sasa ngoja nikueleze tunavyofanya sie mafundi wa mji huu, ujue unatokea mikono gani. Hita si kitu cha ajabu. Maji yaliyopata moto kwenye injini yanapita kwenye mipira miwili, mmoja wa kuingia na mmoja wa kutoka, yanazunguka kwenye rejeta ndogo iliyofichwa ndani ya dashibodi. Feni inapuliza, hewa inapita kwenye ile rejeta, inakufikia imeshapata joto. Basi. Na hiyo ndiyo hewa inayokausha kioo cha mbele kisifanye ukungu kwa ndani. Lakini sie hapa hatuna ukungu, tuna jasho. Mteja anakuja, maji yanavuja miguuni, rejeta ya hita imeoza kwa sababu kila siku anajaza maji ya kisima, yale ya chumvi. Unamwambia, "Bosi, hiki kitu hukihitaji." Unachomoa ile mipira, unaunganisha njia ya kuingia na ya kutoka kwa mpira mmoja, maji yanageuza hapo hapo bila kufika ndani. Tunaita kukata hita. Dakika kumi kazi imekwisha, mteja anakushukuru. Halafu kuna thamostati, kile kidude kinachoyazuia maji mpaka injini ipate moto wake. Nacho tunakitoa tunatupa, eti gari lipoe. Gari linapoa kweli. Sasa hita itapata wapi joto?

Magari niliyoyakata hita kwa mikono hii siyajui idadi. Mangapi baadaye yalipanda Iringa, Mbeya, Makete, nayo sijui, sikuwahi kumuuliza hata mtu mmoja anakokwenda. Lako sikulikata mie, ulilinunua hivyo hivyo. Thamostati haikuwepo, na rejeta ya hita ilikuwa imejaa uchafu tele.

Na hapa ndipo nianze kujivua nguo mbele yako. Nilikuwa sijui kuitengeneza.

Ndiyo, mie. Mzee wa Manzese, mtu anayeletewa injini iliyowashinda watu wa mjini. Sijawahi kutengeneza hita maishani mwangu. Nilijua kukata tu. Jumatano nilipokwambia nafuata vipuri, nilikwenda Kurasini, kule kwenye malori ya Tunduma. Wale mafundi wa malori hawacheki na hita, madereva wao wanakesha milimani. Nikamkuta kijana mmoja anaweza kuwa mdogo wako, nikamwambia, "Shikamoo ningekupa kama ingewezekana. Nifundishe hita." Akafikiri namtania. Alipoona sicheki akanieleza yote, pale pale, ameshika kikombe cha chai: chomoa mipira yote miwili, ingiza maji ya bomba kwa njia ya kutokea, uchafu urudi ulikotoka, rudisha thamostati, weka maji yenyewe ya rejeta uache ya kisima, halafu nyanyua pua ya gari, washa injini mfuniko ukiwa wazi, hewa yote itoke. Nikamuuliza, "Na kama rejeta yenyewe inavuja?" Akasema, "Mzee, unashusha dashibodi unabadilisha. Siku mbili. Au unanipigia nakuja."

Alimaliza kuniambia kabla chai haijapoa. Nikatoka pale nikasimama nyuma ya kontena moja nikalia, Rehema. Maana swali lile nilitakiwa kuliuliza miaka kumi na tisa iliyopita, na mafundi wa malori walikuwepo Kurasini tangu enzi hizo.

Jana tulipoijaribu wewe na mie, vioo tumepandisha, jua la saa sita linatuchoma na hita tumefungulia mpaka mwisho, ukaweka kiganja pale inapotokea hewa ukapiga kelele, "Inachoma! Baba, inachoma!" Halafu ukanigeukia ukaanza kunicheka, "We baba, unatoka jasho mpaka machoni." Nikakujibu ndiyo, joto hili si mchezo. Halikuwa jasho.

Sasa tuingie kwenye ishu yenyewe. Lile kovu juu ya nyusi yako ya kushoto.

Hadithi yake unaijua tangu ungali mdogo, maana nilikuwaga nakusimulia mwenyewe. Tulikuwa tunakwenda Njombe kumzika babu mzaa mama, wewe una miaka mitano. Tulikuwa na ile pikapu yangu ya bluu, siti moja, wewe katikati. Mama yako akajitandaza mbele ya kioo na khanga yake, akanikinga nisione, tukaligonga lori. Wewe ukapasuka uso, mimba ya miezi saba aliyokuwa nayo ikaharibika. Baada ya miezi akafungasha, akarudi kwao, akakuacha. Hivyo ndivyo ulivyokua unajua. Na ulipokuwa kidato cha pili akapiga simu kwa shangazi yako akitaka kukusikia, ukasema, "Mwambieni aliyeniachia kovu sina maneno naye." Shangazi yako akalia. Mie nilikuwa nimekaa kwenye kochi nanywa uji, nikaendelea kunywa uji.

Hii hapa ndiyo ilivyokuwa.

Ile pikapu ilikuwa inavuja maji ya hita upande wa abiria, kwenye miguu ya mama yako. Nikaikata, kama nilivyozoea. Msiba ulipotokea, tukabakiwa na siku tatu za kujiandaa, kwa sababu walikuwa wanamsubiri kaka yao mkubwa atoke safari. Mama yako akaja hapa gereji, amesimama pale pale uliposimama wewe Jumanne, tumbo mbele. Akaniambia, "Baba Rehema, irudishe hita. Huu mwezi wa saba, wa baridi. Kwetu kioo kinaziba, watu wanakufa."

Nikamjibu mbele ya mafundi, "Nyie watu wa bara mnapenda makuu. Miaka yote nimeendesha bila hita, nimekufa?" Wakacheka. Yeye hakujali kicheko, mama yako si mtu wa kutishwa na kicheko. Akasema, "Umeendesha Dar. Irudishe."

Ningeweza kumwambia sijui. Neno moja tu, sijui. Angeniuliza nani anajua, tungetafuta. Lakini mie nilikuwa fundi, Rehema, watu walikuwa wananiita injinia, na nilishamwambia mama yako tangu namchumbia kwamba hakuna kitu kwenye gari kinachonishinda. Nikasema nitaangalia. Siku ya kwanza nikashika kazi ya mteja. Siku ya pili nikafungua skrubu mbili za dashibodi, nikachungulia ndani, nikaona nyaya na mabomba nisiyoyajua, nikafunga upesi kabla fundi mwenzangu hajapita. Siku ya tatu jioni mama yako anapanga nguo zako kwenye begi akaniuliza, hakunitazama, anakunja tu, "Umeirudisha hita?"

Nikasema, "Ndiyo."

Nimeliandika hilo neno nimesimama kidogo. Linakaa dogo sana kwenye karatasi.

Tulilala Mafinga. Asubuhi tukatoka, na huko nje kulikuwa na ukungu ambao mie mtoto wa Chanika sijapata kuuona, ukungu mpaka unaulamba kwa ulimi. Watu watatu kwenye kibanda kimoja cha gari, tunapumua, vioo tumefunga kwa baridi. Hatujafika mbali kioo kikaanza kuwa cheupe kwa ndani. Nikafuta kwa kiganja. Kikarudi. Nikafungua dirisha, ukaanza kulia baridi, nikafunga. Mama yako akanyoosha mkono akafungulia hita. Feni ikapuliza. Akaweka kiganja pale, akakiacha pale. Akakiacha muda mrefu.

Nikamwambia, "Inachelewa kupata moto. Subiri."

Alinitazama tu, halafu akatoa mkono wake akakufunika wewe. Nimeishi na watu wengi wenye midomo mikali, nimetukanwa na wateja mpaka na mama zao, hakuna aliyewahi kunisema kama mama yako alivyonisema kwa kunyamaza pale.

Kingine nilichokuficha ni hiki: khanga hakuiamua yeye. Ni mie niliyemwambia. Nilisema, "Futa, mama, futa upande wangu, sioni." Yule mwanamke na mimba yake ya miezi saba akainuka kitini, akapita juu yako, akawa anafuta upande wangu kwa pindo la khanga, anafuta na kinarudi, anafuta na kinarudi. Na mie badala ya kusimama naendesha, kwa sababu kusimama maana yake ningekiri hita haifanyi kazi. Lori la mbao lilikuwa limeharibika, limeachwa pembeni, nusu yake barabarani. Nililiona tumeshalifikia.

Mdogo wako alikuwa wa kiume. Wanaume wa huko walimzika, mie nikiwa nimesimama na bendeji kichwani, si jeraha la maana.

Ungedhani hapo mtu angesema. Loh! Hunijui baba yako.

Mama yako kalazwa, ndugu zake wamemzunguka, akasema kwa sauti ndogo, "Hita ilikuwa haifanyi kazi. Aliniambia ametengeneza." Hapo mjomba wako mkubwa akanigeukia. Yule bwana ni dereva wa trekta, si mtu wa kudanganywa na fundi. Mie nikasema hivi, yaani mdomo ulifunguka wenyewe: "Hita nzima kabisa. Ni yeye aliyenizibia kioo kwa khanga. Namsamehe, ni uoga wa mimba." Namsamehe! Nilisema namsamehe. Mjomba wako akasema haya, kesho asubuhi tutakwenda kuliangalia gari, tuone.

Pikapu ilikuwa imevutwa, imewekwa uani kwa mtu mmoja kando ya barabara. Kulipopambazuka nikaenda kabla yake, peke yangu. Nikamwambia mwenye ua nimesahau begi la mtoto. Boneti ilikuwa imekunjika, nikaingiza mkono kwa ubavuni, nikauchomoa ule mpira mmoja wa kugeuzia maji, nikachukua mipira miwili chakavu iliyokuwa nyuma kwenye vyuma vyangu, nikaichomeka kwenye hita kama inavyotakiwa, nikakaza vibano. Rejeta kubwa ilikuwa imepasuka, maji yote yamemwagika, kwa hiyo hakuna ambacho kingevuja kunisaliti. Nilifanya kazi safi sana. Hita yenyewe ilibaki imeoza, lakini mikono iliyoshindwa siku tatu ilimaliza kabla chai haijaiva, kwa sababu sasa lililokuwa hatarini ni jina langu.

Mjomba wako akaja, akachungulia, akashika mpira mmoja, akashika wa pili. Akarudi kwa dada yake akamwambia, nami nasikia, "Dada, mipira yote ipo. Acha kumsingizia mwenzio."

Mama yako aligeuka akatazama ukuta. Tangu siku ile hakulitaja tena neno hita, si kwangu wala kwa mtu yeyote. Alirudi Dar akakaa miezi minne, anapika, anafua, anakubadilisha dawa usoni. Halafu akafungasha. Na wala hakukuacha, Rehema. Alikuwa ameshakuvalisha viatu. Mie ndiye niliyeita wazee wa huku na wa huko, nikakaa mbele yao na lile kovu lako likiwa bado bichi, nikasema mwanamke aliyetaka kumuua mtoto hawezi kumlea. Mjomba wako mwenyewe, ndugu yake wa tumbo moja, akaitikia. Angeitikiaje vingine, na alikuwa ameishika ile mipira kwa mkono wake?

Viatu ulivuliwa na shangazi yako. Ulilia ukalala.

Mwaka ule ule lilikuja sweta kwa basi, la sufu, la bluu, kalifuma mwenyewe kwa kipimo cha kukumbuka. Nililipokea mie. Kwa hasira zangu, na sijui nilikuwa namkasirikia nani, nikalitupa kwenye boksi la matambara hapa gereji, mafundi wakafutia mikono. Oili hiyo haikutoka tena. Mwaka uliofuata hakuleta.

Sikuandikii haya unisamehe. Tena nitakasirika ukinisamehe upesi, nitajua hujasoma vizuri. Wala usiniambie nilikuwa kijana. Nilikuwa na miaka thelathini na minane, mtu mzima na ndevu zangu. Umenisikia nikiwafokea mafundi, "Hujui, sema hujui!" Umenisikia mara elfu, ukadhani ni ukali wa kazi. Nilikuwa namfokea mtu mwingine kabisa, na yeye hakuwahi kunijibu.

Ungeniuliza kwa nini leo. Kwa sababu Jumanne ulisimama pale. Na kwa sababu nilipotaka kukujibu, Rehema, ulimi wangu ulikuwa umeshajiandaa. Nilikuwa nakaribia kusema, "Gari lako zima, hita za siku hizi huchelewa kupata moto." Wallahi lilikuwa hapa kwenye meno. Miaka kumi na tisa, mke nimempoteza, mtoto nimemzika, na bado uongo ule ule ulikuwa umekaa tayari kumpandisha mwanangu mlima ule ule. Nilijiogopa. Ndiyo maana nikajilaza chini ya lile gari.

Na mdomo kwa mdomo nimeshindwa kukwambia, nakiri hilo nalo. Jana kwenye gari nilikuwa nakaribia, ukanicheka jasho, nikaona niibe kicheko kimoja zaidi kabla hujanijua. Kwa hiyo barua hii nitakupa kesho alfajiri ukiwa umeshawasha, na nitakuomba uifungue ukifika Mafinga, gari umelizima, umekula. Kama wewe ni mtoto wa mama yako utakuwa umeifungua Morogoro. Haya, popote ulipo, shusha pumzi kwanza. Usiendeshe na hasira. Nikasirikie umekaa.

Nimechagua Mafinga kwa sababu ndipo tulipolala, na kwa sababu mbele yake ni Makambako, na Makambako ndipo anapokaa. Wewe unadhani yuko mbali huko vijijini. Yuko mjini, barabarani, huwezi kufika Njombe bila kupita jirani na mlango wake. Anafuma masweta ya shule nyuma ya soko. Mjomba wako ndiye aliyeniambia, mwaka juzi alipokuja Dar kutibiwa macho. Nilimuuliza mtu akitaka kumwona atampataje. Akasema, "Usiulize jina lake, halijulikani. Uliza Mama Rehema."

Hajazaa mwingine. Hilo jina ni lako, na soko zima linamwita kwalo kila siku, na wewe hujataka hata kumsikia kwenye simu kwa sababu yangu.

Mjomba wako nilimweleza siku hiyo hiyo, uani kwa shangazi yako. Nilidhani atanipiga. Akanikazia jicho moja, la pili limefungwa bendeji, akasema, "Niliishika kwa mkono wangu mwenyewe." Akarudia mara mbili. Halafu akaniambia hawezi kumpelekea dada yake habari hiyo, kwamba ni mzigo wangu, niupeleke mwenyewe. Miaka miwili nimekausha. Sasa nakutwisha wewe, ambaye ndiye wa mwisho aliyestahili kuubeba, na hata hapa naona jinsi nilivyo. Lakini nikisubiri ushujaa wangu mama yako atazikwa akiwa mwongo.

Ukitoka Mafinga ukungu unaweza kuwepo. Hita iwashe mapema, injini ikishapata moto, na swichi ielekeze kwenye kioo. Weka kiganja chako uhakikishe. Ikitoa baridi, au kioo kikianza kuwa cheupe na hukioni kikisafika, toka barabarani usimame, usimwamini mtu anayekwambia subiri, hata awe nani. Nimeitengeneza kwa mikono yangu na nimeikagua mara nne, lakini wewe hakikisha. Mikono hii umeshasoma ilichofanya.

Kama hutaki kwenda nyuma ya soko, pita. Kama hutaki kunipigia simu ukifika, mpigie shangazi yako, mie nitajua kwake. Chumba chako hatakipanga mtu.

Lakini kama utasimama Makambako, na kama atakufungulia, usimpe barua hii. Ni maneno mengi, na alishapewa maneno mengi na mie. Yeye aliniuliza swali moja tu anakunja nguo zako, na hajajibiwa mpaka leo. Mwambie baba ametuma jibu. Mwambie ni hapana. Sikuirudisha.

Baba yako